Blanketi Juu ya Monita

Nakumbuka, mwanangu, alasiri moja mawingu ya ngurumo yalipotanda juu ya Bariadi, na bibi yangu, aliyekuwa amekuja kwetu kutoka Lingeka, akaanza kufunika kila chenye kung'aa kabla radi haijakiona. Alifunika kioo cha kabati, kisha akaivika blanketi monita yangu. Nilikwisha kuizima na kuchomoa nyaya zote, basi nikamwacha.

Ndani ya kompyuta ile ilikuwamo tasnifu yangu ya uzamili, nakala ya pekee. Mvua ilipokatika niliwasha. Maandishi yalionekana kitambo kidogo, kisha kioo kikawa cheusi, ingawa taa ndogo ya pembeni iliendelea kuwaka. Nikazima, nikarudisha blanketi, nikatoka.

Siku zilizofuata sikuigusa. Nilipanga kichwani kila uwezekano: radi imeunguza kazi yangu; au waya umelegea tu; au ni uzee wa monita yenyewe, ambayo tangu zamani ilipepesa asubuhi kabla ya kutulia. Kila uwezekano ulikuwa na jaribio lake, nami niliyajua yote. Nililoogopa ni jibu. Baba aliniuliza kazi imefika wapi, nikamwambia ninapumzisha macho.

Bibi ndiye aliyenisimamisha mlangoni.

"Ng'wanawane," akaniita mwanawe kwa Kisukuma, "mimi nilifunika kwa sababu ya radi. Radi imeondoka. Wewe unafunika kwa sababu gani?"

Nilitaka kupita, akauziba mlango.

"Kama ni maiti, sema. Tuchinje ng'ombe, watu waje walie."

Nikamwomba tochi yake. Nilikaza waya, nikawasha, giza lilelile. Nikaelekeza mwanga wa tochi ubavuni, karibu kabisa na kioo. Nilipoifungua tasnifu, maneno yangu yalikuwapo, hafifu, kama yameandikwa chini ya maji. Iliyokufa ilikuwa taa ya ndani ya monita inayoangaza kioo, si kazi. Niliinakili kwenye flashi kwa mwanga huo, bibi akilalamika kwamba ninammalizia betri zake.

Nilitamani kuufungua mgongo wa monita, nikajizuia, kwa maana umeme hubaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Fundi wa mjini alisema taa inabadilishika, ila kipuri kingetoka katika monita nyingine iliyochoka vilevile. Nikanunua mpya.

Basi, mwanangu, nakili kazi yako kabla mawingu hayajakusanyika. Kifaa kikizimika, anza na kilicho chepesi: soketi, waya, kisha tochi. Mgongo wake mwachie fundi. Na tiba ikiwa na umri sawa na ugonjwa, agana na kifaa bila majuto. Mimi hadi leo hushtuka kioo kinapopepesa, kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba hofu itakwisha. Nakuomba tu usiifunike.

Mungu akupe mkono wa kufunua, na kila utakapofunua, ukute maneno yako yangali yanakungoja.