Mpini wa Natalia

Dativa alikuwa na mambo mawili ya kujivunia, na hakulificha hata moja: mkono wake kwenye jembe, na sauti yake. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikafika hadi kijijini kwao Kitomanga na kila mwenye baiskeli akajiita mfanyabiashara, yeye alibaki na jembe lake na kuwacheka wote.

Ndiye aliyeongoza kikundi cha wanawake tisa waliolima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Majembe yote yalilazwa barazani kwake. Na sheria ilikuwa moja: anayekosa zamu tatu, bila msiba wala uzazi, jembe lake linavuliwa mpini, na chuma kitupu kinarudishwa mlangoni kwake kwa wimbo. Toka hapo hana wenzake, atalima peke yake na watoto wake.

Mmoja wa wale tisa alikuwa wifi yake, Natalia, mke wa kaka yake Xaveri. Kwa kulima Natalia alikuwa wa pili baada ya Dativa, na wengine walisema wa kwanza, ila si mbele ya Dativa. Masika moja akashikwa na homa wiki mbili. Homa ikaondoka, nguvu zisirudi. Zahanati wakampima damu, malaria hakuna. Akilima tuta moja leo, alilala siku nne. Akianza kusimulia jambo, alisahau katikati lilikuwa linakwenda wapi.

"Uchovu?" Dativa alisema barazani. "Nani hapa hajachoka? Mimi nilizaliwa nimechoka!"

Wakacheka. Dativa akisema, watu hucheka, na hilo ndilo lililomponza.

Natalia akakosa zamu ya kwanza, akakosa na ya pili. Ikaja Jumapili ya ubatizo wa mtoto wa Justa, mmoja wao. Natalia akatokea na kanga mpya, akacheza mizunguko miwili, akacheka na watu, akaenda zake. Kumbe alikuwa amelala tangu Jumatano akiiwekea akiba siku ile moja, na baada yake alilala siku tisa. Hayo yalikuwa nyuma ya ukuta wa udongo na hakuna aliyeyaona. Walichokiona ni ngoma. Kesho yake ilikuwa zamu ya tatu, naye hakutokea.

Dativa alimvua mpini kwa mikono yake mwenyewe. Wakaenda wote wanane, yeye mbele akiimba: "Jembe liko macho, mwenyewe kalala!" Natalia alifungua mlango, akashikilia fremu, akakitazama kile chuma miguuni pake.

"Ahsanteni, wifi," alisema, akafunga.

Mpini ulikuwa wa mpingo, umelainika kwa kiganja cha mwenyewe. Dativa akaona hasara kuutupa, akautia kwenye jembe lake. Akalimia msimu mzima, na kila aliyeusifu alimjibu, "Ee, mzuri."

Mwaka uliofuata zikaja habari kutoka Lindi mjini. Nesi mstaafu aliyeitwa Benadetha alikuwa amefungua kijichama cha kuwasaidia watu wenye ugonjwa wa uchovu sugu: chumba kimoja, mabenchi mawili na kitanda cha kunyoosha mgongo. Kitomanga walikiita chama cha wavivu, na msomaji anajua utani huo ulianzia baraza la nani. Chama kilitoa karatasi ya habari, kurasa nne za stensili zenye wino unaochafua vidole. Jumapili moja, baada ya sala, katekista Faustino akaitoa mfukoni, akamgeukia Dativa.

"Mama Erasmo, tusomee wewe. Sauti unayo."

Dativa akasimama, akakohoa kidogo kama wafanyavyo wasomaji. Akasoma habari kwamba chama kimepata benchi la tatu. Akasoma shauri la Benadetha: mgonjwa huyu ukimwona anatembea leo, usiseme amepona, kamwangalie kesho. Akageuza ukurasa. Barua ya mama mmoja wa wilaya yetu.

"Siku moja wenzangu walinirudishia jembe bila mpini," alisoma, na macho yakatangulia mstari wa mbele. *Sikuwalaumu. Ningekuwa mzima, nami ningekwenda kwa mwingine nikiimba. Aliyeongoza wimbo ana sauti nzuri, na nilipokuwa nimelala nilitamani kuitikia.*

Wale wanawake saba walioimba naye walikuwa benchi la pili. Walikuwa wameinama wote.

"Endelea, Mama Erasmo," alisema Faustino, asiyejua lolote.

Haya ilimpanda toka miguuni. Akairuka mistari ile. Akasoma mistari ya mwisho ya kumshukuru nesi, akakunja karatasi, akakaa, na wino ukabaki vidoleni.

Alasiri alikwenda kwa kaka yake na ule mpini mkononi. Njiani alijaribu maneno kadhaa, yote akayaona mabovu. Natalia alikuwa kwenye mkeka, kanga juu ya macho kuzuia mwanga.

"Shikamoo, wifi," alisema Dativa, ingawa yeye ndiye mkubwa.

Natalia akacheka kwa udhaifu. "Leo kumekucha vipi? Karibu."

Dativa akaulaza mpini kando ya mkeka. "Nimeulimia mwaka mzima. Naona aibu, wifi. Na leo nimesoma barua yako mbele za watu, pale pa wimbo nikaparuka."

Natalia aliupapasa mpini bila kufunua macho.

"Nesi alipokuwa akiniandikia ile barua kwa maneno yangu aliniuliza jina la mwimbaji," alisema. "Nikamwambia nimesahau. Si unajua nasahau sana siku hizi."

Dativa akalia pale chini, yeye aliyewachekesha wote. Mwenzake alimfichia, na yeye alikuwa amemwanika mlangoni kwake mchana kweupe.

Jumapili iliyofuata aliiomba ile karatasi kwa Faustino, akasimama bila kuitwa. Safari hii hakuruka kitu. Alipofika kwenye maneno "aliyeongoza wimbo", hakuyasoma yalivyoandikwa. Alisoma, "Dativa."