Mti wa Murembe na Machungwa ya Baba

Mtu akimenya chungwa karibu nami, taya langu hukakamaa hata kabla sijaonja. Sina hakika kama yote ninayoandika hapa nayakumbuka sawasawa. Nilikuwa darasa la tatu, na mtoto huona nusu. Lakini harufu ile naikumbuka.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Nilikuwa kwa Kukhu, nyanya yangu, karibu na Chwele, na Baba alikuwa aje Jumamosi kunirudisha Kitale. Ijumaa nikaamka na homa, chini ya sikio la kushoto pamevimba kama nimeficha andazi shavuni. Kukhu akapapasa kidogo.

"Chindendei," akasema. Ndiyo matubwitubwi.

Binamu zangu wakahamishiwa jikoni. "Niaje, shavu!" walinipigia kelele dirishani, kisha wakaenda kucheza. Nikabaki na kikombe changu cha peke yangu, uji mwepesi, kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na mvua juu ya mabati. Sikujali sana. Kesho ilikuwa Jumamosi.

Niliposikia sauti ya Baba langoni, nikatafuta viatu.

"Simama hapo hapo!" Kukhu akamfokea. "Usikanyage huku!"

"Hata kumsalimia tu, Mama?"

"Ati kumsalimia! Rudi ulikotoka."

Na akarudi, bana. Aliacha mfuko wa machungwa. Nililamba kipande kimoja tu, maumivu yakanichoma kutoka taya mpaka sikioni. Nikalia, nikidhani Baba ameniletea adhabu.

Asubuhi yake Kukhu alinitwika kamzigo ka kuni, akanipeleka kwenye mti wa murembe kando ya barabara. Niuzunguke nikikimbia, niuambie ugonjwa ubaki pale, nitupe kuni, nirudi bila kugeuka. "Ukigeuka unakufuata." Nilifanya vizuri, nafikiri. Lakini nikirudi nikasikia kengele ya baiskeli ya bodaboda, nikageuka. Niliona ukungu tu.

Jumatatu shavu la kulia likavimba. Sikumwambia Kukhu. Siku zile zote nilizolala pale nilijua moyoni kwamba Baba haji tena, na ni mimi nimejiharibia.

Mwanangu alipougua matubwitubwi juzijuzi, muuguzi aliniambia shavu la pili mara nyingi hufuata lenyewe, na kwamba mwanaume mzima ambaye hajawahi kuyaugua, akiambukizwa, anaweza kuvimba korodani vibaya. Baba hakuwahi kuugua. Kwa hivyo Kukhu, hata kama kwa habari ya mti alikosea, pale langoni alikuwa sawa, na ukali wake niliulaumu bure. Uji wake pia ulikuwa sawa.

Nikampigia Baba simu, nikamsimulia ile kengele.

"Ni mimi nilikuwa kwenye hiyo baiskeli," akasema. "Nililala Chwele usiku ule. Nilikuona ukigeuka, nikakupungia mkono. Nilifikiri umeniona."

Na mimi, miaka hiyo yote, nilijua kwamba pale barabarani hapakuwa na mtu.