Kidole Ukurasani

Jirani yangu wa mlango wa pili tunamwita Dada Chapa. Duka lake lina kompyuta moja, mashine ya kuchapa na kisu kikubwa cha kukatia karatasi. Kazi yake ni kuwatafutia watu vitabu vya zamani mtandaoni, vile ambavyo haki zake zimekwisha muda na kila mtu ruksa kuvipakua bure. Huvichapa na kuvishona. Uzi huuazima kwangu mimi fundi cherehani, na kurudisha ni mwiko.

Mchana mmoja nilimwomba kitabu cha kale cha ushonaji. Alikipata, akaanza kukagua kurasa, maana vitabu hivyo hupigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwenye maktaba za mbali, na mara nyingine kidole cha mpiga picha hubaki ukurasani. Huwa tunavicheka vidole hivyo. Ukurasa wa arobaini hakucheka. Kidole cha shahada cha kushoto, ncha imekatika mshazari.

"Hiki nakijua," akasema. "Kilikatwa na kisu hiki hapa."

Mdogo wake wa kike alikuwa mbishi, akishika karatasi kwa mkono wakati wa kukata badala ya kuzibana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye aliacha ncha ya kidole. Kisha alisafiri kutafuta kazi, na huu ni mwaka wa tisa, si barua si simu. Mama yao alikataa katakata kumlilia. "Simlilii mtu ambaye sijaona kaburi lake," husema.

Tukapakua vitabu vya maktaba ile, kwa kufuata tarehe vilivyopigwa picha. Kidole kilikuwemo, kikizidi kukonda kitabu hadi kitabu. Katika kitabu kilichopigwa picha miaka miwili iliyopita, ukurasa mtupu wa mwisho ulikuwa na kiganja kizima, kimelazwa kwa makusudi, kama yeye na Dada Chapa walivyokuwa wakicheza kwenye mashine ya fotokopi utotoni. Vitabu vilivyofuata vilikuwa na mkono mnene wa mwanamume.

Tuliiandikia maktaba mara tatu. Likaja jibu la mstari mmoja: mfanyakazi huyo hayupo tena kwetu.

"Hayupo vipi?" Dada Chapa aliniuliza. "Nitamwambia nini mama?"

Mimi mwenye domo refu niligeuka kutafuta uzi. Niliogopa, sifichi.

Alikichapa kile kiganja. Mama yao, ambaye macho yake yana ukungu, alikipokea moja kwa moja kutoka mashineni, akaweka kiganja chake juu yake.

"Ana joto," akasema. "Mwanangu yu hai."

Hatukumwambia kwamba kila karatasi hutoka hivyo.

Siku hizi mama huja dukani kila asubuhi kumsalimia mwanawe. Dada Chapa akisikia mkongojo wake barazani, huacha wateja wote, akachapa kiganja kile upya, ili mama asikikute kimepoa.