Maji Niliyomwaga Langoni

Nilipokuwa mtoto, kule kwetu Kangundo, homa ya mafua ilikuwa na mahali pake pa kutupwa. Susu, nyanya yangu mzaa mama, alichemsha majani ya mkaratusi na maganda ya ndimu, akanifunika blanketi juu ya sufuria hadi kamasi ikatiririka yenyewe. Kisha akaniagiza nikayamwage maji yale kwenye kichuguu nyuma ya shamba la kahawa, mahali pasipopita mtu. Ukiyamwaga njiani, alisema, atakayeyakanyaga ataibeba homa yako.

Nilikuwa na miaka tisa na kutulia sikujui. Jioni ile kulikuwa na manyunyu, kichuguu kilikuwa mbali, na mimi nilikuwa mgonjwa wa kujihurumia. Nikayamwaga pale pale langoni, nikarudi mbio jikoni. Susu alikuwa bado anafunga ng'ombe. Vikombe vyetu vya chai ya tangawizi vilikuwa mezani, changu chekundu, chake cheupe, na ilikuwa amri visichanganywe mpaka nipone. Changu nilikuwa nimekimaliza. Chake kilikuwa na asali zaidi. Nikapiga mafunda mawili, nikafuta ukingo kwa mkono wa sweta, ule ule uliokuwa ukipangusa pua tangu Jumatatu.

Asubuhi Susu alitoka kupeleka maziwa, miguu mitupu. Nilimwona akikanyaga.

Siku ya tatu hakuamka kukama. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, na sasa kilikoroma hata akiwa macho. Mama alifanya kazi Mavoko, akija mwisho wa mwezi tu. Nyumbani tulikuwa wawili, na nikaamini kwamba mmoja nimemuua. Nilimpelekea uji, nikatoka nje, nikaketi, nikasimama, nikaenda kichuguuni kuomba radhi, nikarudi. Jirani alipokuja kukama, nilimzuia asipite langoni, nikamzungusha kwa ua. Mwishowe nikachukua ndoo, kipande cha sabuni na ufagio, nikaanza kuisugua njia.

"Mwikali, unaosha barabara?"

Susu alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga leso mbili. Nikalia, nikamweleza yote kuhusu maji. Alicheka hadi kikohozi kikamkalisha kizingitini. Alipopata pumzi akaniangalia.

"Na iko ingine umefanya?"

"Hakuna, Susu."

Sikuona kama nadanganya. Kikombe hakikuwa na mwiko wa kutisha, kilikuwa adabu tu, kama kunawa mikono kabla ya kula. Susu alipona baada ya wiki mbili. Mimi sikumwaga tena maji njiani.

Mwezi jana binti yangu alishikwa na homa tukiwa kwa Susu. Nilimtengea kikombe, nikamfundisha kukoholea kwenye kiwiko, nikamnawisha mikono hadi akanuna. Maji ya kujifukiza niliyabeba mwenyewe mpaka kichuguuni. Najua vizuri homa huambukizwa vipi, lakini nilienda. Huko ndiko kile kikombe cheupe kilikonirudia. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilikuwa nimeficha kikombe miaka ishirini. Nikarudi ndani, nikamwambia Susu.

Susu hakuinua macho kutoka kwa maharagwe aliyokuwa akichambua.

"Hiyo nilijua. Chai ilikuwa imepungua, na sweta yako iliacha uzi hapo kwa kikombe."

"Na bado ukakunywa?"

"Sasa ningemwaga asali?" Akatupa jiwe dogo kando. "Lakini nilikuuliza kama iko ingine. Nikangoja sana."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Aibu ikanishika kama ya jana. Muda wote huo nilidhani deni langu ni maji, na kumbe yeye alijua nilichomfanyia, akaniachia nafasi ya kusema, na mimi nikaipita mbio kama nilivyopita kila kitu.

"Pole, Susu."

"Haya," akasema. "Sasa osha hivyo vikombe. Na maji moto."