Mwandiko wa Harusi kwenye Chupa ya Sumu

Nasra ana kiduka cha kuchapa kadi pale Chuno, na watu humfuata kwa ajili ya mwandiko mmoja: herufi za kupinda, kama zimeandikwa kwa kalamu ya wino, mkia wa moja umeshika shingo ya nyingine.

Mzee Sudi, mkulima wa korosho wa Ziwani, alichapisha kwake kadi za harusi ya binti yake Amina, pamoja na lebo za chupa za juisi zenye majina ya maharusi. Siku ya kuchukua mzigo akaongeza ombi. Alikuwa akiwapimia majirani dawa ya wadudu wa mikorosho kwenye chupa ndogo kama zile za juisi.

"Na hizi niandikie vilevile, mwanangu. Zipendeze."

Nasra akaandika "Sumu, usinywe" kwa mwandiko uleule, na jina la dawa chini yake. Akaona zimependeza kweli.

Harusini alikuwa ameketi mkekani na akina mama, mabinti wakipitisha juisi ya ukwaju, alipoiona chupa mkononi mwa Bi Farida, dada yake Mzee Sudi. Herufi ya kwanza kwenye lebo ilikuwa S. Maharusi walikuwa Amina na Mustafa.

Nasra alipopiga kelele, Bi Farida alishameza funda moja.

"Tema, mama! Hiyo sumu!"

Ngoma ilikatika. Walimpakia Bi Farida kwenye gari lililopambwa kwa ajili ya bi harusi, Nasra kaikumbatia chupa, mgonjwa anatokwa jasho na mate.

Hospitalini daktari aliigeuza ile chupa kwenye mwanga.

"Hapa pameandikwaje?"

"Sumu, usinywe."

"Na hapa chini? Nataka jina la dawa."

Nasra akalisoma herufi moja moja.

Bi Farida alipona. Chupa ile ilikuwa imechanganyika na za juisi kwenye stoo ya Mzee Sudi. Siku aliyoweza kuongea alimshika Nasra mkono. "Niliona maandishi mazuri, nikadhani ni jina la bwana harusi," akasema. Hakuwa na lawama hata kidogo, na hapo ndipo Nasra alipolia.

Alichapa lebo mpya, herufi nene, nyeusi, kila moja imesimama peke yake. Mzee Sudi akazitazama.

"Mbona mbaya hivi?"

"Zibaki hivyohivyo, baba. Za kupinda ni za majina ya maharusi."

Wakapita wote wawili nyumba kwa nyumba kubadilisha lebo. Nyumbani kwa Bi Rozalia, mwalimu, hawakuiona chupa stoo wala jikoni. Mwenyewe akafungua kabati la vioo sebuleni. Ilikuwa imepangwa katikati ya vikombe vya wageni.

"Niliona ni nzuri mno kuiweka stoo," alisema.

Nasra aliomba kiti. Akakaa, akaanza kuibandua lebo kwa kucha.