Nguo ya Mama Ndani ya Pipa

Nafundisha fizikia kwenye shule moja ya Katuba, na sijawahi kuaibika kama Jumapili ile mama aliponiomba nimwonyeshe, kwa macho yake, kitu nilichokwenda kusomea.

Alinisomesha kwa pasi ya makaa. Nguo za watu alizitia wanga, akazipiga pasi mpaka zikang'aa. Yeye mwenyewe shule aliiacha angali mdogo, na kila nilipomweleza masomo yangu alitikisa kichwa tu. Basi tulipotoka misa nikampeleka Karavia, kwenye mchezo wa pipa kubwa. Watu huegemea ukuta wake kwa ndani, pipa linazunguka mbio, kisha sakafu inashushwa, nao wanabaki wamegandama juu.

"Miye niko muzito, mwanangu," akasema. "Nitaanguka mbele ya bantu bote."

"Uzito haina kazi, mama."

Nikamweleza kwa madaha. Mwili unataka kwenda moja kwa moja, ukuta unaulazimisha kukata kona. Mtu mzito ukuta unamsukuma zaidi, kwa hiyo na msuguano unaomshika unaongezeka. Mnene na mwembamba ni sawasawa. Nilimwapia kabisa.

Sakafu ikashuka. Mimi nikabaki. Mama akaanza kuteleza taratibu, huku ananitazama, mpaka miguu ikagusa chini. Watu wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulipotoka nikabwabwaja, eti huenda mashine ilizunguka polepole. Mama hakunisikiliza. Alikuwa anapapasa mgongo wa gauni lake la Jumapili, akashika koti langu la sufi, akarudi kwenye gauni.

"Weye inakushika sababu ya ile veste," akasema. "Ya miye niliitia amidon, ule wanga wa pasi. Miaka yote niko nafanya nguo za bantu ziteleze. Ulisahau?"

Nilisahau. Ubaoni huandika kwamba msuguano hutegemea nyuso mbili zinazogusana, lakini mikono iliyonifikisha kwenye ubao huo sikuwahi kuiuliza chochote.

"Leta veste. Tunarudia."

Akaivaa, ikambana mabegani. Mara hii mimi nilibaki nje, nikichungulia kutoka juu ya ukingo. Sakafu ikashuka. Mama hakushuka.

"Nimeelewa, mwanangu!" alipaza sauti kila alipopita upande wangu. "Nimeelewa!"

Nikalia mbele ya watu wote, wala sioni haya kusema.