Safari ya Kimwani na Simu Isiyotaka Laini ya Wenzake

Niliondoka nyumbani Kanazi, karibu na mji wa Bukoba, Jumamosi asubuhi kwa sababu ya jicho la mama. La kushoto lilikuwa limeshapofuka, na la kulia, daktari alisema, linafuata. Mama aliposikia hivyo hakulia. Alisema tu kwamba anataka kumwona dada yake wa Kimwani kabla giza halijakamilika. Yeye hawezi tena kukaa garini kutoka Kanazi hadi huko, na nilipotoa wazo la kumwita mama mkubwa aje, alinikatiza.

"Mimi ndiye mdogo. Nitamwitaje yeye aje? Na usimwambie habari ya macho, atakosa usingizi."

Watu wanatusingizia sisi Wahaya kwamba tuna majivuno. Siku hiyo niliwapa ushahidi. Nilitoa mfukoni simu yangu mpya, pana kama kitabu cha nyimbo za kanisani, nikamwambia mama asijali, nitamletea dada yake papo hapo Kanazi, kwenye kioo, uso na meno yake yote. Mke wangu Anitha angebaki naye na simu yake, mimi ningekwenda Kimwani na yangu. Niliinunua kwa ofa kwenye duka la kampuni moja ya simu. Muuzaji aliniambia jambo fulani kuhusu laini, lakini sikulisikiliza, maana nilikuwa najitazama kwenye kamera.

Njiani, hadi tunapita Kemondo, mtandao ulikuwa umejaa. Nilimpigia Anitha kwa video nikamwonyesha ziwa, nikamwonyesha vilima, nikamwonyesha na abiria wa pembeni yangu ambaye hakuwa ameomba kuonyeshwa. Muleba mjini nilishuka kunywa chai, nikapiga tena.

"Tumeshakuona," Anitha alisema. "Kamwonyeshe mama mkubwa, siyo maandazi."

Baada ya Muleba, vijiti vya mtandao vilianza kupungua. Nilipopanda bodaboda kuingia ndani kilibaki kimoja, nacho kilikuwa kinakuja na kuondoka. Nilipofika, hakikuwepo.

Kimwani, mchana. "Nyegera waitu!" mama mkubwa Paskazia alinikaribisha akitokea migombani, jembe begani. Ana umri mkubwa kuliko mama lakini anatembea kama mtu anayewahi gulio. Alinipa kahawa ya kutafuna, kama mgeni anavyopewa kwetu, nami nikaitafuna nikiwa nimeinua simu juu.

"Waitu, mtandao wako huo haufiki hapa," alisema, akanionyesha kitochi chake, simu ndogo ya vitufe. "Huku tunatumia ule mwingine. Hata mama yako ana laini yake. Tunaongea kila asubuhi baada ya sala."

Mimi, mtaalamu wa simu wa familia, sikujua kwamba mama yangu ana laini mbili.

Nilikwenda senta kununua laini ya mtandao huo. Nilibonyeza kidole gumba, nikasajiliwa, nikachomeka. Simu ikaandika kwamba haiikubali. Dada wa dukani aliitazama kidogo tu.

"Baba, simu yako imefungwa. Inataka laini za kampuni yake tu."

"Haiwezekani, ni mpya."

"Ndiyo hizo hizo zinazofungwa."

Sikumwamini. Niliizima nikaiwasha. Niliifuta laini kwa shati, nikaipuliza. Niliirudisha laini yangu, nikapanda kichuguu nyuma ya nyumba ya mama mkubwa na kuinyanyua simu mpaka bega likauma. Jirani yake, Mama Odilia, alisimama uani kwake akaniuliza kama nawinda senene kabla ya msimu.

Jioni niliazima kitochi cha mama mkubwa, nikampigia Anitha kumweleza aibu yangu. Alicheka kwanza, akamaliza, ndipo akazungumza.

"Tafuta mtu wa huko mwenye simu ya intaneti akuwashie hotispoti. Mbona hapa nyumbani unakula intaneti yangu kila siku?"

Ni kweli. Nilikuwa nimeila muda mrefu hata nikadhani inakuja na nyumba.

Jumapili baada ya misa, mwenye simu hiyo alikuwa nani kama si Mama Odilia wa senene. Kamera ya simu yake ilishakufa, lakini intaneti alikuwa nayo. Aliwasha, akaketi mkekani karibu nasi. Simu yangu, iliyokataa laini ya wenzake, ikapokea intaneti yao bila aibu.

Uso wa mama ukatokea. Mama mkubwa alikuwa na gauni la kanisani na kitambaa chekundu kichwani.

"Vene!" mama mkubwa alimwita mdogo wake.

"Dada! Nakuona vizuri. Umependeza."

Lakini mama alikuwa anatazama pembeni. Anitha alisogeza simu, na bado macho ya mama yaliipita. Mama mkubwa akakishika kitambaa chake.

"Vene, nimefunga kitambaa cha rangi gani?"

"Si kile cha bluu nilichokupa?"

"Mawe," mama mkubwa alimaka kwa Kihaya, kwa sauti ndogo. Akanigeukia. "Kila asubuhi ananiambia ni mzima. Zima hiyo simu."

"Mama mkubwa, intaneti bado ipo."

"Zima. Nakwenda kwake. Kwa nini hamkuja kunifuata?"

"Mama alisema yeye ndiye mdogo, hawezi kukuita."

"Na mimi nilikuwa nangoja kufuatwa. Mzee haokoti safari barabarani. Wewe hapa umekuja kufanya nini, kama si kunifuata?"

Niliizima simu. Nilijisikia mjinga.

Jumatatu tulirudi. Mama mkubwa alikaa dirishani, mkungu wa ndizi ulikaa kwenye buti, na kuku alikaa mapajani mwangu. Tulipokaribia Muleba vijiti vilirudi vyote, na meseji za siku mbili zikaanza kulia mfululizo, kuku akapiga mbawa. Sikuzijibu, mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nimekwenda kufanya: nilijidhania fundi mitambo, kumbe nilihitajika kama mtu wa kumsindikiza mzee. Hata hivyo simu nisiionee. Mama ndiye aliyetaka kuona, lakini kwenye kioo kile aliyeona ni dada yake.

Kanazi, jioni. Mama alikuwa uani, akasikia hatua, akasimama.

"Umenidanganya, Vene," mama mkubwa alisema.

Mama alinyoosha mikono mpaka ikapata mashavu ya dada yake, akamvuta, akasogeza uso wake karibu, karibu zaidi, mpaka pua zao zikagusana. Akabaki hivyo, jicho lile moja likihangaika, kisha likatulia.

"Cha bluu," alisema. "Leo umefunga cha bluu."

Na kweli, kilikuwa cha bluu. Anitha aliniuliza kwa nini sipigi picha, nami nikamwonyesha kuku.